Deni la Uso Mkunjufu

Mara nyingi vijana mnatuuliza kama ni dhambi kucheza karata. Jibu la Kanisa si gumu kulipata. Katekisimu, katika namba 2413, inafundisha kwamba michezo ya bahati na ya kuwekeana fedha si kinyume cha haki kwa asili yake. Inakuwa mibaya inapomnyang'anya mtu kile anachohitaji kwa riziki yake na ya watu wake. Inaonya pia juu ya utumwa wa mchezo na juu ya udanganyifu. Lakini kuna swali la pili ambalo hamtuulizi: zaidi ya kucheza kwa haki, tunawiwa nini na yule tuliyeketi naye mezani?

Sisi wa Kisangani tunaiona meza hiyo kila siku. Chini ya mwembe, karibu na mahali waendesha toleka wanaposubiri abiria, pana ubao wa dame uliochorwa kwa mkono, na kete zake ni vifuniko vya chupa: huyu anavilaza, yule anavigeuza. Watazamaji ni wengi kuliko wachezaji, na wanasema kuliko wachezaji. Mahali kama hapo ustadi peke yake haumpi mtu kiti. Katika komini ya Tshopo tumemwona kijana hodari kupita wote, ambaye kila aliposhinda aligonga ubao na kumwita mwenzake majina ya wanyama. Hakuna aliyemfukuza. Ila kila alipofika, mmoja alikumbuka mgonjwa wa kumtembelea, mwingine akaona mvua inakuja, naye akabaki akipanga vifuniko peke yake. Na pale pale palikuwa na mzee mmoja, mvuvi, aliyeshindwa karibu kila siku, na ambaye watu walianza kumwita kwa furaha angali mbali.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino hakuliona jambo hili kuwa dogo. Katika kitabu chake Summa Theologiae, ukarimu wa maneno na wa uso ameuweka chini ya fadhila ya haki, kwa sababu binadamu ameumbwa kuishi na wenzake, na pasipo furaha watu hawawezi kukaa pamoja. Kumbe uso mkunjufu ni deni, si pambo. Mahali pengine anafundisha kwamba asiyecheka kamwe, na anayewakasirikia wanaocheka, anakosa, maana anawalemea wengine. Wale kati yetu wanaodhani kwamba utakatifu ni kununa wangemsoma.

Hata hivyo tuwe macho, maana uko ukunjufu wa namna nyingine. Katika poka, mchezo wa karata uliokomaa Marekani katika karne ya 19 na ambao leo huchezwa hata kwenye simu, wachezaji wenye uzoefu hushauriana kumtendea kwa upole mchezaji dhaifu: asidhihakiwe, asisahihishwe anapokosea, apongezwe anapobahatika. Sababu yao iko wazi. Akiondoka kwa hasira, fedha zake zinaondoka naye. Ushauri wenyewe ni mzuri. Kasoro iko katika nia. Ni tabasamu lile lile la mchezesha karata tatu sokoni, anayekuita ndugu yake na kukuachia ushinde mara ya kwanza. Ukitaka kuwatofautisha watu hao wawili, ngoja mfuko wako uishe. Rafiki wa fedha zako atageukia mwingine. Rafiki yako atakuuliza kama una nauli ya kuvuka mto.

Uzito wa deni hili tuliuonja mwaka 2023, ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulipowaka huko Lubunga, upande wa kushoto wa mto Kongo. Watu waliuawa, nyumba zilichomwa, na maelfu walikimbia makwao. Mezani, ambapo kabila lilikuwa jambo la kutaniana tu, utani ukaanza kunuka. Neno lililochekesha jana likawa shtaka. Kwa majuma kadhaa meza ile ya Tshopo ilikuwa kimya, wanaume wakisogeza vifuniko bila kutazamana. Kilichovunja kimya hicho si hotuba. Mzee mvuvi, ambaye jamaa zake walipoteza nyumba, aliketi mbele ya mtu wa upande wa pili, akashindwa kama kawaida yake, akasema: "Papa, leo umenila vibaya. Kesho uje, nijilipize." Yule mtu hakujibu. Kesho yake alikuja.

Hatusemi kwamba dame inamaliza ugomvi wa mashamba. Hiyo ni kazi ya wazee wa mila, ya serikali na ya mahakama, na ingali kubwa. Ila meza ile haikufungwa, na sasa ina sheria zake. Anayeshinda hununua karanga. Anayetaja kabila la mtu kwa ubaya husimama kando na kutazama mchezo mzima bila kusema neno, jambo ambalo kwa watu wa Kisangani ni adhabu nzito kweli.