Tip Top Kuna Mtu?

Mwaka 2001 binti mmoja alishuka stendi ya Ubungo, Dar es Salaam, magharibi ikiingia, baada ya kutwa nzima ndani ya basi kutoka Songea. Alikuwa na begi moja, kiroba cha maharage ya shangazi na kikaratasi chenye maelezo: panda gari la Kariakoo, shuka Manzese Tip Top, uliza kwa fundi baiskeli. Hakikuwa na namba ya nyumba wala jina la mtaa.

Daladala lenyewe lilikuwa Hiace, zile walizoziita vipanya, na waliokosa siti walisimama wamepinda shingo chini ya paa. Walipoipita Urafiki konda akaita, "Tip Top kuna mtu?" Binti akanyamaza. Alikuwa amelipa nauli na kukitaja kituo chake alipopanda, akadhani hilo linatosha. Konda akagonga bati mara mbili, gari likaenda. Aliposhtuka, watu walikuwa wanashuka Magomeni Mapipa.

"Mwanangu, hapa unasema shusha," mama aliyekaa naye alimwambia, akimsaidia kukivuta kiroba. "Usiposema, unapelekwa."

Akavuka barabara, akalipa nauli ya pili.

Miezi iliyofuata alilijua jiji kwa masikio. Alipata kazi ya kushona Kariakoo, na kila asubuhi makonda walimsomea Barabara ya Morogoro kituo baada ya kituo: Tip Top, Manzese, Argentina, Kagera, Mwembechai, Usalama, Mapipa, Jangwani, Fire. Taratibu akaanza kuona kwamba majina mengi yalikuwa na kisa. Urafiki ni kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1960. Ubungo Maji ni mitambo ya maji. Fire ni kikosi cha zimamoto. Mwembechai alipaelewa bila kuambiwa: mwembe, na chai. Hakuna aliyemwonyesha ramani, lakini baada ya mwaka aliweza kumwelekeza mgeni mpaka mlangoni.

Aligundua pia kugeuza. Jioni Kariakoo, gari lilijaa kabla halijasimama; vijana waliingilia madirishani, na mwanamke mwenye furushi la vitambaa alibaki chini. Basi wazoefu walitembea nyuma vituo viwili au vitatu, wakalipanda gari lililokuwa likiingia mjini, wakakaa, wakageuka nalo. Nauli ililipwa mara mbili, ila mtu alifika nyumbani amekaa. Mwisho wa mwezi, mfuko ukiwa mwepesi, alisimama. Mshahara ukitoka, aligeuza.

Shangazi yake, aliyeishi Manzese tangu miaka ya 1970, aliyasikiliza malalamiko hayo akichambua mchele. Yeye aliyajua mabasi ya UDA, Shirika la Usafiri Dar es Salaam lililoanzishwa mwaka 1974, na zaidi ya yote Ikarus za Hungary, mabasi marefu yaliyounganishwa katikati, ambayo watu waliyaita kumbakumba kwa jinsi yalivyozoa kituo kizima. Mabasi yalipopungua barabarani, zikaja pikapu zenye mabenchi, abiria wakikaa kwa kutazamana, zikaitwa chai maharage. Mwaka 1983 serikali iliruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria. Nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano iliitwa dala. Makonda wakaita "dala, dala!", na jina likabaki hata nauli ilipopanda mara mia.

"Kwa hiyo mimi napanda hela?" binti aliuliza.

"Unapanda hela, mwanangu. Na ukikosa hela, unatembea."

Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yakaanza. Njia ya kwanza, yenye urefu wa kilomita 20.9, iliunganisha Kimara na Kivukoni, ikiwa na matawi ya Morocco na Gerezani, na daladala zilizokuwa zikipita humo zikahamishiwa njia nyingine. Nauli ya njia kuu ilikuwa shilingi 650. Siku ya kwanza alipopanda, akiwa sasa mama wa watoto wawili na mwenye cherehani zake tatu, alishika bomba karibu na mlango, akajiandaa. Gari lilipokaribia Tip Top, koo lilikwishafunguka kutaka kusema shusha. Milango ikafunguka yenyewe.

Basi hilo lilikuwa refu, limeunganishwa katikati. Jioni alimsimulia shangazi, na bibi huyo akauliza swali moja tu: "Kama kumbakumba?" Jumapili walikwenda wote mpaka Kivukoni na kurudi. Shangazi alikaa karibu kabisa na ile sehemu inayojikunja, mkono juu ya mpira wake, akitazama nusu ya mbele ya basi ikikata kona.

Foleni za kuingilia zipo mpaka leo, na asubuhi watu wanasukumana vilevile. Mto Msimbazi ukifurika pale Jangwani, barabara hufungwa na kila mtu hutafuta njia yake. Lakini majina yaliyokuwa midomoni mwa makonda sasa yamebandikwa vituoni kwa herufi kubwa: Argentina, Kagera, Mwembechai, Fire. Yeye huyasoma moja moja, kama mtu anayeitikia salamu.

Stendi ya mabasi ya mikoani ilihamia Mbezi Luis mwaka 2021. Hivi karibuni mtoto wa kaka yake alipiga simu kutoka Songea kwamba anakuja kutafuta kazi.

"Shikamoo, shangazi. Nikifika nafanyaje?"

"Marahaba. Ukishuka Mbezi, njoo mpaka Kimara. Hapo panda mwendokasi, ushuke Tip Top. Ukivuka barabara, uliza kwa fundi baiskeli."

Fundi baiskeli alifariki zamani, na kibanda chake kinauza makava ya simu. Kijana anayeyauza, ukimuuliza, atakwambia hapo ni kwa fundi baiskeli.