Je, Alikuwa Puma Kweli?

Mtu akirudi nyumbani jioni na kusema kwamba amemwona chui karibu na mto, hapana budi atatokea mwingine wa kumwuliza, "Una hakika? Labda ni mbwa." Mabishano ya namna hiyo si ya Afrika peke yake. Huko Marekani, katika majimbo ya mashariki, watu wamebishana miaka mingi juu ya mnyama aitwaye puma, ambaye wengine humwita simba wa milimani. Puma ni wa jamii ya paka, ukubwa wake karibu sawa na chui, rangi yake kama ya simba jike, na mkia wake ni mrefu sana. Zamani alienea karibu nchi nzima. Wazungu walipofika kulima na kufuga walimwinda bila huruma, na paa waliokuwa chakula chake wakapungua. Mwishowe upande wa mashariki akatoweka, isipokuwa wachache waliosalia kusini kabisa, katika jimbo la Florida.

Hata hivyo watu hawakuacha kumwona. Wakulima, waendesha motokaa, na watu wengine wenye akili timamu, walipeleka habari kwa maafisa wa wanyama na kuapa kwamba wamemwona kwa macho yao. Nao maafisa waliwajibu kwa adabu kwamba huenda wameona paka-mwitu wa kule, mwenye mkia mfupi, au mbwa mkubwa wa rangi ya manjano, au paka wa kufugwa tu. Mtu akijibiwa hivyo hukasirika, maana ni kama kuambiwa kwamba yeye ni mwongo au kipofu. Na ikiwa anayemjibu ni kijana wa ofisini ambaye viatu vyake havina tope, hasira huzidi.

Lakini afisa yule hakuwa mjinga. Mnyama akisimama peke yake katika uwanja wa majani wakati wa magharibi, jicho halina kitu cha kumpimia. Paka aliye karibu na puma aliye mbali huweza kuonekana sawasawa. Tena afisa alikuwa na hoja nyingine, nayo ni nzito. Huko Florida puma hawazidi mia chache, na bado magari huua zaidi ya kumi karibu kila mwaka. Ikiwa mashariki wamejaa kama watu wasemavyo, mbona mizoga yao haionekani barabarani?

Kwa hiyo maafisa walitaka ushahidi usiosahau wala kuongeza maneno, yaani nyayo, nywele, mavi, au picha. Katika unyayo wa mbwa alama za kucha huonekana mbele ya vidole. Paka wa aina nyingi, wakubwa kwa wadogo, huficha kucha zao watembeapo, na nyuma ya kitanga chao kuna vifundo vitatu. Mfugaji yeyote wa Kenya aliyewahi kuinama asubuhi penye zizi lake, akitaka kujua kama aliyepita ni fisi au chui, anaifahamu elimu hiyo, kwa kuwa fisi huacha alama za kucha na chui haziachi.

Basi, mwezi wa Machi 2011, idara ya serikali ya Marekani yenye kuangalia samaki na wanyama wa mwitu ilitangaza kwamba puma wa mashariki amekwisha kabisa. Miezi mitatu baadaye, mwanzo wa Juni, mnyama alionekana Greenwich katika jimbo la Connecticut, mji wa matajiri usio mbali na New York. Safari hii picha ilipatikana, na hakuna aliyeweza kusema ni mbwa. Ubishi ukageuka. Maafisa walisema kwamba yamkini ametoroka katika kizimba cha mtu, maana puma wa mwitu atatoka wapi?

Jibu lilipatikana usiku wa tarehe 11 Juni. Katika barabara kuu karibu na Milford, yapata maili 40 kutoka Greenwich, motokaa ilimgonga puma akafa. Alikuwa dume kijana mwenye uzito wa ratili 140. Alipopimwa ilionekana kwamba hakuhasiwa, kucha zake hazikuondolewa, na ngozini alikuwa na miiba ya nungu. Huyo hakuwa mnyama wa kulishwa nyama katika sahani. Wataalamu wa Missoula, katika jimbo la Montana, walipochunguza vinasaba vyake, yaani zile alama za urithi zilizomo mwilini, waliona kwamba asili yake ni vilima vya Black Hills, South Dakota. Tena zililingana na alama za nywele na mavi yaliyookotwa Minnesota na Wisconsin tangu mwisho wa 2009. Baadaye ikajulikana kwamba alipita pia karibu na Lake George, jimbo la New York, Desemba 2010. Huko watu wa nyumba moja walimwona usiku. Kulipokucha wakafuata nyayo katika theluji, wakaokota nywele mahali alipolala, wakazihifadhi. Wao hawakuhitaji kuapa.

Alikuwa ametembea zaidi ya maili 1,500. Puma dume akikomaa huacha mahali pa mamaye kwenda kutafuta nchi yake mwenyewe na majike, na huyu aliendelea kwenda mashariki, ambako jike hakuwako hata mmoja.

Kila upande ulishika habari hiyo kuwa ni ushindi wake. Wananchi walisema, "Mnaona? Tuliwaambia." Maafisa nao walisema kwamba mnyama mmoja tu, mpita njia, aliacha nyayo na nywele na mavi katika majimbo kadhaa, je, hao makumi wengine hutembea hewani? Kwa kweli hoja ya maafisa ina nguvu zaidi, ingawa hawakuipata mpaka mnyama alipokufa. Mwaka 2018 serikali ilimfuta puma wa mashariki katika orodha ya wanyama wanaolindwa, kwa sababu hayuko.

Na huko Greenwich, puma yule alipokuwa amekwisha kufa, watu walileta habari kwamba wamemwona tena. Maafisa wakaenda kutafuta, wasikute hata unyayo.