Turbo Hufa kwa Oili

Kijana anayeleta Altezza gerejini kwangu Kasulu huwa ameshaamua kuongeza nguvu. Anachotaka kujua ni kama afunge turbo au supachaja. Mimi kwanza namuuliza injini iliyomo. Kama gari ni RS200, basi ni 3S-GE, ambayo kiwanda kiliibana kwa uwiano wa 11 kwa 1 au zaidi. Ndugu yake 3S-GTE, iliyotoka kiwandani na turbo kwenye Celica GT-Four, ilibanwa 8.5 au 8.8 tu. Ukiisukumia hewa ya ziada injini iliyobanwa kama ile ya kwanza, petroli inawaka kabla ya wakati wake, injini inagonga, pistoni zinakatika pale ringi zinapokaa. Awe amesukuma hewa kwa turbo ya moshi au kwa supachaja ya mkanda, pistoni hazijui tofauti.

Turbo inazungushwa na moshi wa ekzosti. Shafti yake, nyembamba kama kalamu, inapita mizunguko 100,000 kwa dakika, na kinachoizuia isisage beringi ni utando wa oili, oili ile ile ya injini unayoipima kwa dipstiki. Hapo ndipo mambo mengi yanapoharibikia. Mwenye gari akijazia oili ya kupima kutoka kwenye dumu, au akipitisha muda wa kumwaga, injini inaweza kuvumilia mwaka mzima. Turbo haivumilii.

Kwenye Subaru nyingi za turbo zenye AVCS (mfumo wa kubadili muda wa valvu) kuna kichujio kidogo cha wavu ndani ya boliti ya bomba linalopeleka oili. Oili ikiachwa mpaka iwe tope, wavu unaziba na turbo inazunguka kavu. Mteja anakuja na turbo ya mtumba mkononi, anataka ifungwe jioni hiyo hiyo kwa sababu kesho ana safari ya Kibondo. Boliti ile isipofunguliwa na kusafishwa, hiyo ya pili itafuata ya kwanza. Ni kazi ndogo, lakini ndiyo tunayobishania kuliko zote, kwa kuwa haionekani na hakuna anayependa kulipia kisichoonekana.

Supachaja tunakutana nayo zaidi kwenye Mercedes C180 na C200 zilizoandikwa Kompressor nyuma. Inaendeshwa na mkanda kutoka kwenye kranki, haipikwi na moshi, na gia zake zina oili ya peke yake, mbali na uchafu wa injini. Kama kifaa, naiamini kuliko turbo, na siwafichi wateja. Mtu mvivu wa kumwaga oili anaweza kuiua injini na supachaja ikabaki nzima.

Kinachoisumbua ni vumbi. Ndani yake rota mbili zinapishana bila kugusana, kwa nafasi finyu sana. Lami imeshaibadilisha sehemu kubwa ya njia ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, lakini ukiiacha kuelekea vijijini, kiangazi unarudi na udongo mwekundu mpaka kwenye nywele. Eya klina ikiwa imechanika, udongo huo unakwangua rota, hewa inavuja ndani kwa ndani, na nguvu inapungua kimyakimya. Turbo nayo inaliwa mapezi na vumbi lile lile, ila yenyewe ikichoka inasema: mluzi, moshi wa bluu, oili ndani ya mipira ya intakula. Halafu beringi na sili za turbo naweza kuziagiza Mwanza au Dar es Salaam. Supachaja ikifa, gari linakaa juu ya mawe likisubiri mtumba mwingine.

Kuna na hoja ya milima. Kasulu na Kibondo ziko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho injini ya kawaida imeshapoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu zake. Ndiyo maana Land Cruiser mkonga zenye 1HZ, lita 4.2 bila turbo, zinanung'unika kwenye vilima zikienda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. (Na ndiyo maana vilevile hazifi: hakuna cha kufa.) Turbo inaweza kuzunguka kasi zaidi ikafidia hewa nyepesi. Supachaja inafuata mwendo wa kranki, basi. Ila kufidia huko ni joto na mizunguko ya ziada, vyote juu ya oili ile ile.

Vijana hunikumbusha Safari Rally. Ni kweli, Celica za turbo zilishinda 1984 hadi 1986, kisha 1990, na 1992 hadi 1995, wakati Lancia 037 ya supachaja, iliyoipa Lancia ubingwa wa dunia wa 1983, haikuwahi kushinda Safari. Lakini nyuma ya zile Celica kulikuwa na mafundi wakisubiri njiani na helikopta angani. Wewe nyuma yako una bodaboda.

Kwa njia zetu namshauri mtu achukue turbo, ya kiwandani, siyo ya kufungia barazani. Oili siiachi ipite kilomita 5,000 bila kuimwaga, na naiandika tarehe kwa maka juu ya boksi la eya klina. Baada ya kupanda mlima kwa nguvu, dereva aende taratibu kilomita ya mwisho, au aache injini ingurume dakika moja hivi kabla ya kuzima. Anayeona hayo ni usumbufu namwambia abaki na Altezza yake kama ilivyotoka Japani, aweke pesa ya turbo kwenye shokapu na breki.