Ngao na Jirani

Binadamu huzaliwa uchi, na tangu siku hiyo maisha yake ni kutafuta kinga. Nguo humkinga na baridi, nyumba humkinga na mvua, sheria humkinga na dhalimu. Lakini iko hofu isiyozuiwa na nguo, nyumba wala sheria, na kwa ajili yake watu wa kila taifa wamebuni silaha zisizoonekana kwa macho.

Mashuhuri katika silaha hizo ni zile za sura ya 6 ya Waraka kwa Waefeso. Mwandishi, ambaye waraka wenyewe wamtaja kuwa Paulo mfungwa, aliazima zana za askari wa dola ya Rumi: mshipi akaufanya kweli, dirii akaifanya haki, ngao akaifanya imani, chapeo akaifanya wokovu. Kiswahili nacho kiliazima ili kuzitaja. Ngao na upanga ni maneno ya Kibantu; dirii imetoka Uarabuni; chapeo ni kofia ya Mreno iliyogeuzwa kuwa ya vita. Neno la Kiyunani lililofasiriwa ngao lina asili moja na neno mlango, maana ngao ya Rumi ilikuwa ya mbao zilizogandishwa tabaka kwa tabaka na kufunikwa ngozi, kubwa hata kumsitiri mtu tangu bega mpaka goti. Askari walipoziunganisha, kila mmoja alimkinga na mwenziwe.

Ukristo ulipanda uwanda wa Ufipa kutoka ziwani. Mwaka 1885 Mapadre Weupe walikabidhiwa ngome ya Karema, iliyojengwa na Wabelgiji mwaka 1879 kando ya Ziwa Tanganyika. Basi silaha za mfano zilifika zikitanguliwa na ngome ya kweli. Na Kapteni Léopold Joubert, aliyezilinda misheni za ziwa hilo kwa bunduki, alikuwa amekwisha kuwa askari wa Papa. Walakini Wafipa hawakungoja kufundishwa chuma. Walikiyeyusha katika tanuru za udongo zenye kimo cha mita 3 hivi, wakafua majembe. Na fundi hakuwasha moto kabla ya kuweka dawa, kwa kuwa tanuru nayo ilihitaji kinga.

Jina la mji wetu, Sumbawanga, wenyeji hulifasiri kuwa ni amri: tupa uchawi. Tangu utoto nimelipenda, kwa sababu lamtaka aingiaye aje mikono mitupu, na kuifanya mikono hiyo mitupu kuwa ndiyo amani yake na ya mwenyeji wake.

Shangazi yangu alikuwa mjane katika kijiji kimoja cha uwanda huo. Mtoto wa jirani alipofariki, alinyoshewa kidole yeye. Waliokuja mlangoni pake usiku hawakuwa na hirizi. Walikuwa waumini, wakasema wamevaa silaha zote za Mungu. Hawakumpiga, lakini nyumba iliungua, naye akamalizia siku zake kwetu mjini. Hakuuliza kamwe ni nani aliyewasha moto. Aliuliza mara moja tu kwa nini mtu aliyevaa dirii amwogope mwanamke mwenye mkongojo.

Nililitafutia swali lake jibu katika waraka wenyewe. Kabla ya kutaja silaha hata moja, mwandishi ametangaza kwamba adui wa vita hivi si mwanadamu. Tena dirii na chapeo hizo hakuzibuni yeye. Katika sura ya 59 ya Isaya, mwenye kuzivaa ni Mungu, naye azivaa alipoona kuwa haki haipo na kwamba hapana mtu wa kumtetea aliyeonewa. Hiyo ndiyo asili ya vazi hili. Wale waliokuja usiku walilivaa kinyume: waliugeuzia upanga mlango ambao ngao yao ilipasa kusimama mbele yake.

Hofu ya mauti na ya uchawi haitaondoka Ufipa kwa dhihaka ya wasomi, na mimi siidhihaki. Nasema tu kwamba kinga iliyo kubwa kama mlango haikuundwa kwa mtu mmoja. Jirani akishutumiwa, hapo ndipo itakapojulikana nani amebeba ngao na nani amebeba ubao.