KABLA HUJAMPANGUSA BINTI YAKO RANGI YA MDOMO



Neno la leo: Ayubu 42:12-15.

Wiki hii wazazi kadhaa wameniuliza swali moja: "Mchungaji, msichana wangu ameanza kujipodoa. Nimruhusu au nimkataze?" Kabla sijakujibu, acha nikuungamie jambo. Binti yangu mwenyewe amenipa ruhusa nilisimulie.

Alikuwa na miaka 13. Jumapili moja tulipofika kwenye lango la kanisa, niliona amepaka rangi nyekundu mdomoni. Nikatoa kitambaa mfukoni, nikampangusa mbele ya mashemasi na vijana wenzake. Nikamwambia, "Mtoto wa mchungaji hawezi kuwa Yezebeli." Kisha nikaingia ndani kuhubiri.

Nilidhani nimeshinda. Miezi miwili baadaye, Mama Mchungaji alikuta chini ya godoro la mtoto kikopo cha krimu kisicho na lebo wala jina la mtengenezaji. Alikuwa ameinunua kwa pesa za nauli ili ajichubue awe mweupe. Mpendwa, baadhi ya krimu hizi zina zebaki, sumu inayopenya kwenye ngozi na kuharibu figo. Mimi nilikuwa napigana na rangi ya mdomo, kumbe hatari ilikuwa chini ya godoro.

Tulimuuliza kwa nini. Alinyamaza kwa muda mrefu, halafu akasema, "Baba, wageni wakija husema dada ndiye mrembo, mimi ni mweusi sana. Na wewe hucheka pamoja nao."

Ni kweli. Nilikuwa nacheka.

Usiku huo nilirudi kwenye Neno. Yezebeli alipaka macho yake rangi, ndiyo (2 Wafalme 9:30). Lakini hukumu aliyotamka Eliya juu ya nyumba ile ilitokana na damu ya Nabothi, aliyeuawa kwa ajili ya shamba lake la mizabibu (1 Wafalme 21). Nikamsoma na Ayubu. Baada ya majaribu yake alipata mabinti watatu, na wa tatu akamwita Keren-hapuki. Kwa Kiebrania, jina hilo maana yake ni pembe ya wanja, yaani chombo cha kuwekea wanja! Na mzee huyo mcha Mungu akawapa mabinti hao urithi pamoja na ndugu zao wa kiume. Walijua thamani yao kwa sababu baba yao aliwaonyesha.

Sisemi kila mtoto ajipake. Petro anatufundisha kwamba pambo la kweli ni la moyoni (1 Petro 3:3-4), na bado naliamini hilo. Ila mimi nilianza na kitambaa, sikuanza na moyo.

Basi tulikaa mezani, sisi wazazi pamoja naye. Krimu ile aliiacha siku hiyo hiyo, tukampeleka kwa daktari. Shuleni hakuna kujipodoa. Siku ya harusi au sherehe, anaweza kupaka wanja kidogo na mafuta ya midomo, vyenye lebo na alama ya KEBS. Wanja haazimani na wenzake, maana magonjwa ya macho huambukizana kwa njia hiyo. Rangi ya mdomo itangoja, tutaizungumzia tena akifika miaka 16.

Na mimi nilipewa sheria yangu: mgeni akimlinganisha tena na dada yake, nisicheke, nimkatize. Halafu, kwa kuwa nilimwaibisha langoni, nilimwomba msamaha pale pale langoni, mashemasi wale wale wakisikia.

Mzazi mwenzangu, huenda kwako mkaamua tofauti, na sikulaumu. Lakini kabla hujasema ndiyo au hapana, kaa na mtoto wako umuulize: "Ukijitazama kwenye kioo, unaona nini?" Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize.

Tuombe: Baba, tusamehe maneno tuliyowatupia watoto wetu tukidhani ni mzaha. Ponya mioyo yao, na utupe hekima ya kuwalea bila kuwaaibisha. Kwa jina la Yesu.

Kama umepokea, andika AMINA, kisha umtumie mzazi mmoja ujumbe huu. Barikiwa.