Sio Woga, ni Masikio

Nianze na ile video. Wengi wenu mlianza kunifuata kwa sababu yake, na wengine bado mnauliza mbona haionekani. Niliifuta mwenyewe. Ilikuwa imefika watazamaji laki mbili na kitu, na hakuna kazi yangu nyingine iliyowahi kukaribia hapo.

Kama hukuiona, ilikuwa hivi. Desemba ya mwaka juzi yalikuja Kitui mjini yale mabembea ya kusafiri, yanayobebwa na malori, yenye jenereta inayonguruma kushinda muziki. Nilienda na binamu zangu pamoja na mdogo wangu, kitindamimba wetu, aliyekuwa na miaka tisa. Jina lake la Kikamba maana yake ni safari, kwa sababu mama alijifungua akiwa njiani. Silitaji hapa kwani nimemwahidi sitamweka mtandaoni tena. Wakamba mshajua.

Kulikuwa na vikombe. Unakaa ndani ya kikombe, kikombe kinazunguka, na ile sahani kubwa iliyobeba vikombe vyote nayo inazunguka kivyake. Akakataa. Hakulia wala kuleta vituko, alisema tu, "Hiyo itanitapisha." Nami na simu yangu mkononi nikamwambia, "Acha woga bana, mwanaume mzima." Binamu wakadakia. Unajua binamu wakiwa wengi hawana huruma. Akapanda.

Kwanza akapiga miayo. Kisha akanyamaza, midomo ikapauka, akawa anameza mate. Mimi niliendelea kurekodi. Kilichofuata ndicho mlichokiona nyote, na shati la msichana wa watu aliyekuwa kikombe cha pili. Nikaweka muziki wa kuchekesha, nikaandika maneno matatu ya kejeli, nikapachika usiku huohuo. Ukiwa umeacha chuo na nyumbani wanasubiri kuona kama simu italipa kodi, laki mbili hazikupi nafasi ya kufikiria sana.

Shule zilipofunguliwa Januari, watoto darasani walikuwa wanamwigiza. Kufika Februari alikuwa hataki kupanda matatu hata ya kwenda sokoni na mama. Alikuwa anatembea.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mimi nilijua. Mimi ndiye nilikuwa mtapikaji rasmi wa familia kabla yake. Susu yetu anaishi Mbooni, upande wa Makueni, na kama umewahi kupanda ile milima ukielekea Kikima unazijua zile kona. Kila likizo nilikuwa nafika kwa susu nikiwa rangi ya jivu. Kila mtu alikuwa na dawa yake. Susu alisema niweke gazeti tumboni chini ya shati. Mama alininunulia ndimu ninuse. Makanga mmoja alinipa chumvi ya kulamba. Na makanga wote walikuwa na juala tayari. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, watu walilia kuhusu mazingira na biashara, mimi nililia kimyakimya kuhusu tumbo langu. Sasa ningeshika nini?

Lakini dawa iliyotolewa mara nyingi kuliko zote ilikuwa neno: jikaze. Ni woga tu. Jikaze.

Kwa hiyo Februari ile, badala ya kuhariri video, nilikaa nikasoma. Niwaeleze nilichoelewa, kwa sababu kwetu tunachanganya vitu viwili ambavyo havina undugu.

Ndani kabisa ya sikio kuna mirija mitatu midogo iliyopinda, imejaa majimaji. Ukigeuza kichwa, yale maji yanachelewa kidogo, na huo mchelewo ndio unaoambia ubongo kwamba umegeuka. Macho nayo yanatuma ripoti yao. Siku ya kawaida ripoti zinafanana. Ukiwa nyuma ya matatu unasoma simu, macho yanasema tumetulia, simu haisogei, masikio yanasema tunapinda kushoto, kulia, tunaruka tuta. Ubongo unabaki na mashahidi wawili wanaopingana. Huo ugomvi ndio unaokuletea jasho baridi, mate, miayo na mwishowe lile jambo. Kwenye vikombe ni mbaya zaidi kwa sababu maji ya sikio yanazungushwa upande huu na upande ule, na mashine ikisimama yenyewe bado yanaendelea.

Kuna kisa kimoja cha Marekani kilichonimaliza kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1950, watafiti wa jeshi la majini na wa mambo ya anga walichukua wanaume 11 viziwi kutoka Chuo cha Gallaudet kule Washington. Karibu wote walipoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo, na ugonjwa huo uliharibu pia ile sehemu ya sikio inayopima mwendo. Wakazungushwa kwenye mashine, wakapandishwa ndege za kupaa na kushuka, na safari moja wakatiwa kwenye meli katika bahari chafu huko Kanada. Watafiti wenyewe walitapika hoi. Wale viziwi walikuwa wanacheza karata.

Sasa niambie, walikuwa wajasiri kuliko watafiti? La. Masikio yao hayakuwa yanabishana na macho. Ndio maana nasema "jikaze" ni ushauri sawa na kumwambia mtu mwenye mafua ajikaze asipige chafya. Na umri wa mdogo wangu ndio mbaya zaidi: mtoto mchanga kwa kawaida hasumbuki, ila kati ya miaka sita na kumi na mbili hivi ndipo mambo huwa moto, kisha kwa wengi hupungua. Kwangu hakukupungua sana. Nimezoea.

Nilimwonyesha kisa cha wale wa Gallaudet. Akauliza swali moja tu: "Kwa hivyo mimi masikio yangu yako sawa?" Nikamwambia yako sawa kupita kiasi. Usiku huo ndio nilifuta video.

Aprili tulisafiri wawili kwenda kwa susu. Kwa makusudi tulizunguka kupitia Mutomo na Ikutha hadi Kibwezi, kwa sababu barabara ya huko ina lami nzuri na imenyooka kuliko njia zetu nyingine, halafu tukashika ya Mombasa hadi Emali, ndipo tukapanda kwenda Wote. Ni mbali, ndiyo, na nauli ilinikeketa. Tuliacha matatu mbili zijae ziondoke hadi tukapata viti vya nyuma tu ya dere, pahali unaona barabara kupitia kioo cha mbele. Makanga alikasirika akidhani tunaringa. Simu ikaingia kwenye begi, yangu pia, nami ndiye huwa nahariri klipu safarini kisha nashangaa kwa nini nafika na kichwa kinagonga. Kazi ya mdogo wangu ilikuwa kutafuta kitu cha mbali na kukikazia macho. Kutoka Kibwezi alikuwa na milima ya Chyulu karibu yote kwa ajili yake. Mkononi alikuwa na ganda la chungwa, machungwa si Makueni ni bure kabisa msimu wake, na sijui kama harufu inatibu au inamsahaulisha. Hakutapika hadi Wote. Zile kona za Mbooni zilitushinda wote wawili, tukashuka, tukakaa kando ya barabara, tukacheka.

(Mkipanda treni ya Mombasa, ile inayosimama Emali, Kibwezi na Mtito Andei, viti vya bei ya chini vinatazamana. Kama uko kama sisi, omba mtu akubadilishie ili usisafiri kinyumenyume. Watu hukubali ukiwaeleza kinachoweza kutokea.)

Kutoka hapo tukaanza kuongea kuhusu mabembea kama tulivyoongea kuhusu viti vya matatu. Si hii inatisha kiasi gani, bali hii inafanyia masikio nini? Ukiuliza hivyo, orodha inapinduka. Lile gurudumu kubwa la Two Rivers kule Nairobi, wanaloliita Eye of Kenya, nililipanda nikitetemeka. Liko juu sana, lakini linaenda polepole na unaona mbali, na nilishuka tumbo likiwa tulivu kama maji ya mtungi. Vikombe haviinuki hata urefu wa mbuzi na ndivyo vinavyoua. Jahazi, lile linalobembea mbele na nyuma, limekusudiwa kufanana na bahari na linafanana nayo hasa. Pweza, mwenye mikono inayopanda, inayoshuka na inayozunguka yote kwa pamoja, simwombei mtu. Slaidi za maji hazina shida, zimekwisha kabla sikio halijaanza kulalamika. Vigari vya kugongana ni salama kuliko unavyodhani, kwa sababu ukishika usukani mwenyewe mwili unajua kona inakuja. Ndiyo maana dere hatapiki. Na vile vibanda vya sinema ambapo kiti kinatikisika mbele ya skrini, usidanganywe eti hauendi popote. Hapo ndipo ugomvi wenyewe.

Vidonge vipo kwenye duka la dawa, ila hufanya kazi ukimeza kabla, sio ukishaanza kuloa jasho, na vingi vinaleta usingizi. Kwa mtoto uliza mfamasia kwanza, usikate kidonge cha mtu mzima nusu kama nilivyofanyiwa mimi. Kula, lakini kidogo. Mutura na soda kisha pweza ni kujitafutia. Na dalili ya kwanza ni miayo. Mtoto akipiga miayo akiwa kwenye bembea mchana kweupe hajachoka, anakuambia kitu, nami nilikiona kupitia skrini nikafikiri ni mwanga mbaya.

Agosti tulienda Nzambani, lile jiwe kubwa nje ya mji wa Kitui, binamu wote tena. Mnajua hadithi yake, ukilizunguka mara saba unabadilika, mwanaume anakuwa mwanamke na mwanamke mwanaume. Kuna ngazi ya chuma ya kupanda hadi juu. Mdogo wangu alitangulia, akapanda bila kushika pembeni karibu, akafika akakaa anatazama chini kama mzee wa kijiji. Binamu yetu mkubwa, yule aliyekuwa akipiga kelele zaidi siku ya vikombe, alifika ngazi ya kumi hivi akakwama. Magoti yalikataa. Hakuna aliyemcheka, labda kwa sababu mimi niliwaangalia vibaya. Lakini niliona mdogo wangu akimtazama kwa muda mrefu, anapiga hesabu zake.

Tuliposhuka, mmoja akasema tulizunguke mara saba tuone. "Mara saba?" mdogo wangu akasema. "Nitatapika kabla sijawa msichana."

Mabembea yalirudi Desemba hii iliyopita. Sikumwalika, alisema mwenyewe anataka kwenda. Akanunua tiketi tatu kwa pesa za susu, halafu hakupanda chochote kwa karibu nusu saa. Alikuwa anasimama mbele ya kila mashine hadi raundi iishe, akiangalia watu wanavyoshuka, sio wanavyopiga kelele wakiwa juu. Alipanda vigari mara mbili, huku akipumzika katikati na kunywa maji kidogo. Tiketi ya tatu akakaa nayo.

Binamu wakamwita kwenye vikombe. "Hapana," akasema, sauti ileile ya mwaka juzi. Wakaanza ile nyimbo yao ya woga. Akawageukia: "Sio woga, ni masikio. Woga muulizeni huyo wa Nzambani." Yule mkubwa akacheka kwanza, wengine wakafuata, yakaisha hapo.

Mimi nikajifanya shujaa nikapanda jahazi, ati nijaribu nione kama kweli nimezoea. Nilipoteremka ardhi ilikuwa inapanda na kushuka. Nikakaa kwenye jiwe karibu na jenereta, kichwa katikati ya magoti. Akaja akasimama mbele yangu.

"Unarekodi?"

"Simu iko kwa begi."

Akatoa ganda la chungwa mfukoni, limekauka nusu, akaniwekea kwenye kiganja. "Angalia ule mti," akasema. "Wa mbali. Sio mimi, ule mti."