Hofu ya Wakati katika Kazi za Wajerumani

Sisi waalimu tu watu wa kengele: ikilia twaingia darasani, ikilia tena twatoka. Labda ndiyo sababu nazipenda kazi za Wajerumani wa karne ya 20, kwani sijaona watu waliouchunguza wakati kwa hofu kama wao.

Tazama kwanza sinema iitwayo Metropolis, aliyoitengeneza Fritz Lang, ikaonyeshwa Berlin mwaka 1927. Katika mji ule vibarua hukaa chini ya ardhi, na saa yao ina tarakimu 10 tu, kwa kuwa zamu yao ni ya saa 10. Mwana wa bwana wa mji ashika zamu ya kibarua aliyechoka. Kazi yenyewe ni kusukuma mishale ya chombo kikubwa mfano wa saa, kuifuatisha taa ziwakazo huku na huku, hata mikono yake yatanuka kama ya mtu aliyesulubiwa. Sisi Waswahili huanza kuhesabu saa jua linapochomoza. Saa ile haina habari ya jua kabisa.

Michael Ende, katika kitabu chake Momo cha mwaka 1973, aleta hofu nyingine. Mmoja wa watu wa rangi ya kijivu amwendea kinyozi, Bwana Fusi, akamhesabia maisha ya miaka 70 kuwa sekunde 2,207,520,000, kisha akamwonyesha alizozipoteza: kuzungumza na mama yake mzee, kumtunza kasuku wake mdogo. Basi aanza kuweka akiba. Mama apelekwa katika nyumba ya wazee, kasuku auzwa, na akiba yote yaishia katika moshi wa sigara za wale wezi. Kitabu hiki waliandikiwa watoto, lakini nadhani wazazi ndio wahitaji kukisoma.

Lakini anitishaye zaidi ni Thomas Mann, ambaye riwaya yake Der Zauberberg ilitoka mwaka 1924. Kijana Hans Castorp wa Hamburg apanda mlimani Davos, nchi ya Uswisi, kumtazama binamu yake katika hospitali ya wagonjwa wa kifua. Akusudia kukaa juma tatu; akaa miaka saba. Hapana amfungaye. Chakula ni kizuri, blanketi ni za joto, na kila siku ni sawasawa na jana.

Wagonjwa hupima homa kila siku, na kipimajoto hukaa kinywani dakika saba. Hans aona dakika zile ni ndefu mno, maana azingojea. Lakini miaka saba yampita asiitambue. Hata kitabu chenyewe kimejengwa hivyo: miezi saba ya kwanza yachukua karibu nusu ya kurasa, na miaka iliyobaki yabanwa katika nusu ya pili, nayo yazidi kwenda mbio. Saa yake ya mfukoni yaanguka, yaharibika, naye haipeleki kwa fundi. Jambo hilo dogo lanisumbua kuliko mashine zote za Metropolis.

Kishindo cha vita vya mwaka 1914 ndicho kimwamshacho. Mara ya mwisho twamwona akikimbia matopeni katikati ya mizinga, akiimba polepole, na mwandishi mwenyewe hasemi kama alipona.